Eagle Scout na udahili wa chuo Marekani: kinachosomwa ni kazi, si beji

Anayeomba chuo kikuu Tanzania au Kenya hana haja ya kuitaja skafu yake ya skauti. TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, huanzia kwenye masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4.0, na KUCCPS, inayopanga nafasi za vyuo Kenya, huanzia C+ ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) na pointi za masomo ya kozi husika. Uskauti hauna safu kwenye mahesabu hayo. Marekani una safu, ndiyo maana mzazi aliyehamia Minneapolis au Houston huambiwa na majirani kwamba mtoto akishapata Eagle Scout, cheo cha juu kabisa cha skauti huko, chuo kimepatikana. Hakijapatikana. Alama za darasani na ugumu wa masomo aliyochagua hutangulia, kisha ndipo afisa wa udahili anapofungua ukurasa wa shughuli za nje ya darasa.

Uzito wa ukurasa huo hutofautiana, na kuujua si kazi ya kubahatisha. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka hati iitwayo Common Data Set. Tafuta jina la chuo pamoja na maneno hayo, shuka hadi sehemu ya C7, usome mistari mitatu: shughuli za nje ya darasa, kazi ya kujitolea, na tabia ya mwombaji. Kila mmoja umewekewa alama kuanzia "muhimu sana" hadi "haiangaliwi". Texas nako sheria huwapa nafasi moja kwa moja kwenye vyuo vya umma wanafunzi waliomaliza katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao (Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kinabana zaidi ya hapo). Kwa mtoto wa namna hiyo beji haibadilishi chochote mlangoni, ingawa inaweza kumsaidia kwenye ufadhili.

Wengi hukwama kwenye muda. Sheria ya skauti inasema masharti yakamilike kabla ya kutimiza miaka 18, basi mtoto atakayefikisha 18 mwezi Julai baada ya darasa la 12 (mwaka wa mwisho wa sekondari) hujiona ana nafasi tele. Chuo hakimsubiri: maombi ya mapema kwa kawaida hufungwa Novemba 1, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo hesabu irudishwe nyuma kutoka Agosti, kabla darasa la 12 halijaanza. Vyeo hupandwa kwa hatua: kutoka First Class kwenda Star ni miezi 4, Star kwenda Life miezi 6, Life kwenda Eagle miezi 6. Jumla 16, na hakuna mwezi wa kupunguza. Maana yake awe First Class kufikia Aprili ya darasa la 10, na Life kufikia Februari ya darasa la 11.

Beji 21 za stadi zinazotakiwa kwa Eagle nazo zina mitego. Personal Management inadai kufuatilia bajeti kwa wiki 13, Personal Fitness mazoezi ya wiki 12, Family Life kazi za nyumbani kwa siku 90, na Camping usiku 20 wa kambi. Hizi hazikamilishwi kwa kukesha wikendi moja. Zianzeni zote tatu za kwanza katika wiki ile ile, karatasi ya kufuatilia ibandikwe kwenye mlango wa friji. Jambo jingine dogo linaloumiza: cheo cha uongozi cha miezi 6 lazima kiwe kinachokubalika kwa Eagle. Mpiga tarumbeta wa kikosi huhesabiwa kwa Star na Life, kwa Eagle hahesabiwi. Msaidizi wa kiongozi wa kundi dogo hahesabiwi popote.

Mradi wa huduma unaotakiwa kwa Eagle ndio wenye utamu kwa msomaji wa maombi, na ndio unaoharibika kirahisi. Pendekezo lisainiwe na kiongozi wa kikosi, kamati ya kikosi, mnufaika na wilaya au baraza la skauti kabla nyundo haijainuliwa; kazi iliyotangulia saini yaweza kukataliwa yote. Mnufaika anaweza kuwa msikiti, kanisa, shule au jamii, hata shule ya Kigoma, ila mwalimu mkuu wa huko naye asaini mapema. Hawezi kuwa duka la mjomba, wala skauti wenyewe. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa. Kinachopimwa ni kama kijana aliongoza wengine, na hapo baba mwenye ufundi wa mbao huleta balaa kwa kuishika randa mwenyewe.

Sasa fomu. Common App, fomu moja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi, inatoa nafasi 10 za shughuli na 5 za tuzo. Jina "Eagle Scout" liende kwenye tuzo, ngazi ya kitaifa. Usilirudie kwenye shughuli, kwa sababu maelezo ya huko yana herufi 150 tu, nafasi kati ya maneno zikiwemo. "Nilijifunza uongozi na uwajibikaji" ni herufi zilizotupwa. Linganisha na hili, ambalo kwenye fomu litaandikwa kwa Kiingereza: "Niliongoza vijana 22, saa 180: mabenchi 6 na ngazi ya mbao kwenye bustani ya maktaba. Nilichangisha dola 1,400; nilipanga bajeti na zamu za kazi."

Saa kwa wiki zisitiwe chumvi. Mkutano wa saa 1.5 kila wiki, na kambi moja kwa mwezi yenye saa 10 za kazi, ni takriban saa 4. Saa za kulala hemani si uongozi.

Anayeomba akiwa Nakuru au Arusha ana shida yake: msomaji aliyeko Boston hajui Mwamba, ngazi ya skauti vijana ya Kenya, ni nini. Eleza cheo kwa kazi, yaani uliongoza wangapi, kwa muda gani, na ulichaguliwaje.

Kama kikao cha tathmini, kinachoamua kama kijana apewe Eagle, hakijafanyika hadi Novemba, andika Life Scout, kisha utaje mradi uliokamilika. Usijiite Eagle kabla ya wakati. Kikao kikipita, tuma taarifa fupi kupitia ukurasa wa mwombaji wa kila chuo na umwambie mshauri wa shule aitaje kwenye ripoti ya katikati ya mwaka. Barua ya kiongozi wa kikosi iwekwe kama mpendekezaji wa ziada, na kwa vyuo vinavyoipokea tu. Haichukui nafasi ya barua ya mwalimu.