Mleta uzi, usianze darasa kabla nafasi za kazi hazijaandikwa

Mkuu, simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshanyanyuka kwenye kochi, na kilichoninyanyua ni ule mstari uliouweka kama jambo dogo: "darasa tunaanza Januari, nafasi za kazi zitafuata bodi ikishakaa." Hazitafuata. Mimi nilizisubiri miezi kumi na minne, na nina nywele chache kichwani za kuthibitisha.

Kwa mnaoingia sasa hivi: mleta uzi yuko kwenye kampuni kubwa ya umeme. Amepewa kazi ya kutafuta vijana 60 wa jamii ya wafugaji ambao laini mpya ya umeme inapita kwenye malisho yao, awafundishe ufundi, kisha waajiriwe. Ameuliza mambo matano: alama za shule, urefu wa mafunzo, lugha ya kufundishia, jinsi ya kuwapata wasichana, na wazee washirikishwe vipi. Maswali mazuri, nitayafikia. Tatizo ni kwamba swali la kwanza kabisa hakuliuliza.

Nilikalia kiti hicho hicho chako, kampuni nyingine (jina nimelimeza, nina watoto wanaokula), upande wa Umasaini. Vijana wangu walikuwa 42. Na tulikuwa na mshauri.

Huyu mshauri alitoka Nairobi na viatu visivyojua vumbi. Kwa siku moja alilipwa pesa ambazo ukimwambia mzee wa boma atakuuliza ni mbuzi wangapi, na ukimtajia idadi atakuuliza wanachungwa wapi wote hao. Neno lake lilikuwa moja: wajengeeni uwezo kwanza, ajira zitawafuata zenyewe. Akatusomea Kifungu cha 56 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kile kinachoitaka Serikali iweke mipango ya kuzipa jamii zilizotengwa nafasi maalumu za kupata ajira, akakisoma kwa sauti ya mchungaji wa Pasaka. Kifungu kipo na ni kizuri, na Kifungu cha 260 kinawataja wafugaji waziwazi. Lakini mkuu, ikama ya kampuni, ile orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, haisomi Katiba. Ikama inasoma bajeti.

Halafu akatupigia hesabu ya tozo ya mafunzo. Unajua mwajiri hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, zinaenda NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), na akishafundisha watu anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. "Mafunzo haya ni kama bure," akasema. Tulipopeleka madai yetu, swali la kwanza kuulizwa likawa: hawa ni wafanyakazi wenu? Tukatazamana. Hawakuwa wafanyakazi wa mtu yeyote. Walikuwa watoto wa watu.

Lakini nisimtwike yeye yote, maana siku ya baraza aliyekuwa mbele ni mimi. Chini ya mgunga, chifu yupo, wazee na fimbo zao, akina mama nyuma. Nikaeleza miezi tisa ya chuo, nguzo, nyaya, vyeti. Mzee mmoja ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi akasimama, akauliza swali moja. Mkalimani akalitafsiri hivi: "Mtoto wangu akimaliza, atakaa wapi?"

Nikafurahi, nilikuwa na jibu. Nikamweleza habari za hosteli. Vitanda vya ghorofa, vyandarua, maji ya bomba, mlinzi getini. Mkalimani akacheka kidogo kabla ya kutafsiri, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani nimechekesha. Mzee akaketi. Ilinichukua mwaka na zaidi kuelewa kwamba alikuwa anauliza kiti kazini, si kitanda chuoni. Yeye na darasa lake la malisho aliliona shimo ambalo mimi na shahada yangu nililipita juu kwa gari la kampuni.

Basi tukaanza. Posho tuliyowapa ilikuwa shilingi 400 kwa siku, na mjini 400 ni nauli, chapati na aibu. Wazazi wakajazia. Kujazia kule ni kuuza mitamba, mkuu. Si madume, mitamba, wale ambao ndio boma la kesho. Mama mmoja alinionyesha kwa vidole: watatu. Buti za kijana, godoro, kitabu cha hesabu za umeme. Nikamwambia asihofu, zitarudi. Nani alinituma kusema hivyo?

Na vijana walikuwa wazuri, hilo ndilo linaloniuma. Kulikuwa na mmoja mrefu tuliyemwita Mnara. Siku ya kwanza ya kupanda nguzo wenzake wengi walifika nusu wakakumbuka mama zao. Mnara alipanda, akafunga mkanda, akaegemea nyuma mikono ikiwa huru kama mtu anayeangalia ng'ombe kutoka kilimani, akamwuliza mkufunzi kwa nini ameshika nguzo kwa nguvu hivyo. Mkufunzi hakumpenda tena baada ya hapo. Katika 42, 37 walifaulu mtihani wa ufundi Gredi ya Tatu, ngazi ya kuanzia. Tulichinja mbuzi, tukapiga picha na wakubwa, mimi nimevaa shuka nyekundu kama mtalii aliyepotea. Ile picha ilitoka kwenye kalenda ya kampuni, mwezi wa Agosti.

Agosti hiyo hiyo bodi ikaahirisha ajira mpya. Oktoba ikaahirisha tena. Mkandarasi wa laini naye alikuwa ameshakuja na mafundi wake kutoka miradi mingine, watu aliowazoea, na mkataba wake haukuwa na hata mstari mmoja unaomtaka achukue vijana wetu. Nilipomfuata akasema yuko tayari kuwasaidia: wachimbe mashimo ya misingi, kibarua, malipo kwa siku. Msimamizi wake akaongeza, "hapa nataka mikono, si vyeti." Vijana waliofuzu kupanda juu wakapewa sululu waende chini. Wengine walikubali. Mnara alikataa, akarudi nyumbani, na boma lake lote lilijua anarudi na nini mkononi.

Ufundi nao una tabia ya maziwa, ukikaa unaganda. Mtu wa Gredi ya Tatu akikaa mwaka bila kugusa waya, huwezi kumpandisha kwenye nguzo yenye umeme kwa dhamiri safi. Kwa hiyo zilipopatikana nafasi 12 za kituo cha kupozea umeme, miezi kumi na minne baadaye, ilibidi tuanze kuwafundisha upya. Nikaenda na gari, na orodha, na tabasamu. Nikakuta barabara imefungwa kwa matawi ya miiba, vile vile wanavyofunga lango la boma jioni fisi wasiingie. Hapakuwa na bango wala kelele. Mashine za mkandarasi zilikaa siku kumi na moja zikila pesa bila kugeuza jiwe. Ukizijumlisha hizo siku ungeweza kuwalipa vijana wangu wote 37 mshahara wa mwanzo kwa muda mrefu tu. Hesabu hiyo niliipeleka kwa wakubwa. Haikutoka kwenye kalenda.

Siku waliponiruhusu kupita kwa miguu, nilifika kwa akina Mnara. Mama yake akanipa chai, maana Mmasai atakunyima barabara lakini chai atakupa. Karibu na zizi palikuwa na ndama amefungwa kwenye kigingi. Nikatazama ile kamba vizuri. Ulikuwa mkanda wetu wa kupandia nguzo, na bizimu zake za chuma, na namba ya stoo ya kampuni bado inasomeka.

Mshauri? Nasikia anafundisha uendelevu.

Sasa sikiliza, na hili liandike ukutani. Kijana asiye na namba ya mshahara hana kiti darasani. Ajira kwanza, darasa baadaye. Sheria yenyewe imeshakufungulia mlango: Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, ina mpango wa uanagenzi. Mwanagenzi anasaini mkataba na mwajiri, mkataba unasajiliwa NITA, ndipo anaanza kujifunza huku analipwa. Maana yake siku ya kwanza ya darasa tayari ni mtu wenu, na kama kuna kuahirisha ni nyinyi mtakaoona aibu, si mama yake. Nenda idara ya fedha kabla hujaenda kwa chifu. Waambie wakupe barua yenye nafasi, kituo, na mwezi wa kuanza. Wakikupa tisa, chukua vijana tisa. Usichukue 60 kwa sababu 60 inapendeza kwenye hotuba ya mkubwa.

Na uliza nafasi za uendeshaji, si za ujenzi. Ujenzi ni harusi, watu wengi na sufuria kubwa, kisha kesho yake mnabaki wanandoa na vyombo vichafu. Kule Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, mitambo 365 ya upepo inazunguka leo, megawati 310, na wala haihitaji umati uliochimba misingi na kutengeneza barabara. Kama unawaahidi watu kazi, waambie ni ya harusi au ya ndoa.

Mtasema Afrika ndivyo tulivyo. Nilisoma ya Kanada ili nijifariji. Kule Manitoba kuna mabwawa ya umeme kwenye ardhi ya Wakri, wenyeji wa asili wa huko, na mafunzo ya wenyeji kwa ajili ya mabwawa hayo yalianza mapema miaka ya 2000. Bwawa la Wuskwatim lilianza kujengwa 2006, sawa, lakini Keeyask, lile kubwa la megawati 695 lenye mataifa manne ya wenyeji kama washirika, lilianza kujengwa 2014. Piga hesabu ya kijana aliyemaliza darasa 2005 akimsubiri Keeyask. Ameshaoa, ameshazaa, magoti yameanza kulalamika. Sikufarijika.

Haya, maswali yako. Alama: usining'inie kwenye fizikia ya kidato cha nne, wape jaribio lako mwenyewe la hesabu na uwapandishe juu ya nguzo fupi uone. Mnara alikuwa na D ya fizikia. Lugha: Kiswahili kinatosha mkufunzi akiacha haraka, lakini maneno ya usalama wayaseme kwa Kimaa pia mpaka yawatoke usingizini. Wasichana: tulipata wanne tu na wote wanne walifaulu, na walichoniomba hakikuwa hotuba, ni komeo la ndani kwenye mlango wa hosteli. Kufuli la nje tulikuwa tumeweka sisi, tukajisifu. Urefu wa mafunzo inategemea, miezi tisa ilitutosha, ingawa sasa unajua ilitutosha kwa lipi.

Kulikuwa na swali la tano, limenitoka. Wengine watakujibu.

Wewe nitumie kwa faragha picha ya barua ya idara ya fedha. Ikiwa na saini na namba za nafasi, nitakaa nawe usiku kucha tupange ratiba yako ya Januari. Isipokuwepo, usinitumie ratiba.

Mwaka jana nilipita tena kule. Ndama ameshakuwa fahali, mkanda amefungiwa ndama mwingine. Haujachanika hata uzi mmoja. Kwenye manunuzi, angalau, hatukubahatisha.