Feni na taa kwenye swichi moja: usinunue dima

Juzi dada mmoja aliyehamishiwa kazi Kisumu kutoka Nakuru aliniandikia. Kwa baridi ya Nakuru, feni hakuwahi kuihitaji. Sasa chumba alichopanga kina feni yenye taa katikati, na swichi ni moja. Akizima taa alale, feni nayo inasimama. Akaniuliza, "Kaka, nifunge dima, ile swichi ya kupunguza mwanga?"

Dada yangu, usithubutu. Nililifanya kosa hilo na linaniuma hadi leo.

Ilikuwa Februari, joto lile ambalo hata upepo wa ziwa haulipunguzi. Kifungua mimba wetu alikuwa na miezi minne. Tulimlaza taa ikiwaka ili feni izunguke, naye akawa anaamka kila saa. Nikamwita fundi wa stima, akasema lazima ukuta uchimbuliwe, kisha akataja bei iliyonikasirisha. Nikajiona najua. Nikanunua dima ya taa, nikazima meni swichi, nikaifunga mwenyewe. Usiku ule feni ilinguruma kama posho mili, taa ya LED ikapepesa, na kabla ya alfajiri chumba kikajaa harufu ya plastiki inayoungua. Nilimnyakua mtoto nikatoka naye nje. Mama yake hakunisemesha siku mbili, na alikuwa na haki.

Dima ya taa hukatakata umeme. Balbu ya kawaida huvumilia, lakini mota ya feni hunguruma na kuchemka. Regyuleta ya feni, ile ya kubadilisha kasi, nayo ikibebeshwa taa, taa inapepesa. Kwa hiyo kwanza tenganisha njia ya taa na ya feni, mengine baadaye.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa Kondele, mtaa wa Kisumu. Alizima stima, akapanda ngazi, akashusha kikombe cha feni, kile kinachoficha waya pale darini. "Kijana wangu, hesabu waya kwanza." Nikahesabu. Feni yenyewe ilikuwa na laivu mbili, yaani waya za kuleta umeme, moja ya mota na moja ya taa, na aliyeifunga alizisokota zote kwenye waya moja inayotoka swichini. Nyutro, waya ya kurudisha umeme, ni ya pamoja, haina neno. Kumbe kilichokosekana ni waya moja tu! Mzee hakugusa ukuta. Alifunga waya mbili mpya za milimita mraba 1.5 kwenye ncha ya ile ya zamani, akavuta kutoka juu, mimi nikisukuma kutoka chini, zikapita kwenye paipu ileile. Swichi ya kitufe kimoja ikatoka, ikaingia ya vitufe viwili, na laivu ya ukutani ikagawiwa kwa vyote viwili kwa kipande kifupi cha waya. Usiku huo mtoto alilala gizani, feni ikizunguka. Nililia.

Paipu ikiwa imeziba, kuna kifaa cha rimoti. Kisanduku chake hukaa ndani ya kikombe cha feni, hupokea ile laivu moja na nyutro, kisha hutoa njia mbili. Swichi ya ukutani unaiacha imewashwa. Pima kikombe uone kama kisanduku kitaingia, kabla ya kulipa. Zile swichi za kuendeshwa kwa simu zisikudanganye: nyingi zinataka nyutro, na visanduku vya swichi vya nyumba zetu nyingi havina.

Wapangaji wenzangu, tuache kiburi. Mwambie mwenye nyumba. Omba kuona leseni ya fundi, ile ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati; mimi sikuomba, nikaona bei tu. Wala usiamini rangi. Nyumba za zamani laivu ni nyekundu na nyutro nyeusi, za sasa ni hudhurungi na bluu, na kuna waliochanganya zote. Testa ndiyo husema. Hesabu waya, kisha pima kila moja.

Dada, fundi akija Jumamosi, mwambie asisokote chochote kabla hujapiga picha ya kikombe kikiwa wazi. Nitumie hiyo picha. Nitahesabu waya pamoja nawe.