Maji ya chokaa hayafanyi ukungu?
Mdogo wangu wa Wete, umesema umepuliza pumzi kwa mrija kwenye maji ya chokaa, yakabaki angavu badala ya kufanya ukungu unaoonyesha kaboni dayoksaidi ya pumzi. Naishuku chokaa yenyewe. Iliyokaa mfuko wazi hunyonya kaboni dayoksaidi hewani ikarudi kuwa CaCO₃ (kalsiamu kabonati), kitu kile kile cha jiwe la matumbawe kabla halijachomwa tanuuni, na hicho hakiyeyuki majini. Tafuta mpya. Koroga kijiko cha chai katika nusu lita ya maji, funika, kesho yake chuja ya juu. Puliza polepole, usivute: yanaunguza koo.

Ukungu ukitokea, acha hapo hapo. Wengi huendelea mpaka ukatoweka, wakadhani wamekosea. Kumbe kaboni dayoksaidi ikizidi, CaCO₃ imegeuka Ca(HCO₃)₂ (kalsiamu haidrojenikabonati), inayoyeyuka. Ukungu wenyewe hutokea hivi, Ca(OH)₂ ikiwa ndiyo chokaa iliyoyeyuka majini:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Mlinganyo huu umeshasawazika, usiongeze namba.