Riwaya iliyoniandikisha barua ya kujieleza

Jumapili iliyopita niko uani nachambua mchele, meseji ikaingia. "Shikamoo Madam. Mimi ni mkufunzi mpya kwenye chuo kimoja cha afya huku Kanda ya Ziwa, nina miezi saba kazini. Kabla sijaajiriwa nilikuwa namaliza vitabu vitatu kwa mwezi, toka nimeingia kazini sijamaliza hata kimoja. Wewe unapata wapi muda? Halafu naomba ukimaliza ile riwaya ya Peponi uniazime."

Marahaba mdogo wangu. Nimecheka mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza kuna nini. Yani unaniuliza mimi habari za muda wa kusoma, wakati kwenye faili langu pale ofisini kuna karatasi mbili zimetobolewa na kufungwa kwa kamba ya kijani, na kisa chake ni huo huo muda wa kusoma. Ngoja nikusimulie, ushauri utauokota humo humo njiani.

Mi nafundisha stadi za mawasiliano hapa Morogoro, huu mwaka wa kumi na moja. Watu wa nje wanadhani mkufunzi anaingia vipindi viwili anarudi kulala. Semista iliyopita nilikuwa na madarasa matatu, jumla wanafunzi 212, na hii moduli yangu ni ya kuandika, barua, ripoti, insha, hamna kuchagua herufi ukapitisha peni nyekundu ukamaliza. Skripti moja ukiisoma kwa haki ni dakika nane. Zidisha mwenyewe, ni masaa 28 na ushee, hapo hujala, hujaenda chooni, hujaingiza CA, yaani maksi za mazoezi ya semista, kwenye mfumo, na mfumo siku ya mwisho lazima ulale. Ukishamaliza sasa ndo wanaanza kuja mmoja mmoja mlangoni, Madam naomba uniangalizie tena, Madam nimesapu, narudia mtihani, kwa maksi mbili tu, Madam nikikeri hii, nikaibeba mpaka mwaka ujao, mzee nyumbani hatanielewa.

Kwa hiyo miaka minne ya kwanza sikusoma kitu. Nilikuwa nasoma desa langu mwenyewe, zile notsi za kufundishia, lile lile, kila mwaka nabadilisha tarehe juu. Nyumbani rafu imejaa vitabu toka enzi za chuo, wageni wakija wanasema hii ndo nyumba ya msomi, mi nacheka nawaletea chai.

Aliyeniamsha ni mwanafunzi wa level four, mrefu, alikuwa anakaa nyuma karibu na dirisha. Siku hiyo nahubiri darasani someni vitabu, mtaandikaje kama hamsomi, nimepamba moto haswa. Akanyoosha mkono kwa adabu zote. "Madam, wewe mara ya mwisho umesoma kitabu gani?" Nikataja kimoja nilichokisoma miaka mitano nyuma, nikakitaja kama nimekimaliza jana usiku. Akauliza kinahusu nini. Nikasema swali zuri sana, hilo ndo mkalifanyie kazi nyumbani. Darasa likacheka, wala si kwa ubaya, ila ule mcheko mpaka leo naweza kukuonyesha ulianzia dawati gani.

Nikaanza kuokota okota kurasa. Kumi leo, wiki inapita, tatu, naacha. Kilichonikaza hasa ni mgao wa umeme. Mnaukumbuka ule wa mwisho wa 2023 kuingia 2024, kabla Bwawa la Nyerere halijaanza kutoa umeme Februari? Watu waliumia, wenye saluni, wauza samaki, sitanii na hilo. Ila ndani kwangu ule mgao ulinirudishia akili. Saa moja jioni umeme unakata, TV kimya, simu ina asilimia kumi na moja naitunza kwa dharura. Nawasha kataa ka sola, watoto wawili wamenilalia huku na huku, nasoma kwa sauti, mdogo anauliza "mama sasa huyo kafikaje hapo?" narudia ukurasa. Novemba mpaka Januari nilimaliza vitabu sita. Umeme ulipotulia, miezi miwili nikamaliza kimoja.

Fikiria hapo mdogo wangu. Kazi ni ile ile, skripti ni zile zile, watoto wale wale. Kilichorudi ni simu na TV tu. Ndo maana mtu akiniambia hana muda namuuliza kwanza simu yako inalala wapi. Yangu saivi inalala sebuleni kwenye droo ya vijiko, na mume wangu alilalamika mwanzoni, mama yake akipiga usiku je, nikamwambia atakupigia wewe.

Sehemu nyingine ninayosoma ni safarini, na hapa nina malalamiko yangu binafsi. Basi la Moro Dar lilikuwa masaa manne, ukikutana na foleni hata matano, ukishazoea kelele za bongo muvi kwenye ile TV ya mbele unameza kurasa themanini kabla hujaona Mbezi. Toka treni ya SGR ianze Juni 2024, nauli ikianzia elfu kumi na tatu daraja la kawaida, chini ya masaa mawili umefika. Kiti kizuri, hamna kelele, na ndo kwanza unaingia kwenye utamu unasikia tangazo la kushuka. Nchi imesonga mbele, mi nimepungukiwa kurasa.

Sasa tuje kwenye barua.

2021 Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli, ofisi yetu nzima tukawa wataalamu wake kwa siku moja. Wa kwetu huyu, Mzanzibari huyu, mi nilijua tu. Tulikuwa kumi na nne mle ndani na hamna aliyewahi kumsoma hata ukurasa, mi nikiwemo. Nikajiapiza nitamsoma kwa Kiswahili. Peponi ikatoka 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota, na mimi na vile navyojiapiza nikaja kuinunua mwaka huu mwanzoni, pale duka la vitabu la TPH mtaa wa Samora, Dar, bei sitaitaja kwa sababu mume wangu anasoma hapa.

Wiki ya mitihani nikapangiwa kusimamia karatasi ya uhasibu, masaa matatu, ukumbini, wanafunzi sitini. Wewe bado mgeni lakini utalijua hili: chumba cha mtihani ndo sehemu pekee yenye ukimya katika maisha yote ya mkufunzi. Ofisini mko watano kwenye chumba cha wawili. Nyumbani unajua mwenyewe. Mle ukumbini unasikia pangaboi, peni, mtu anakohoa safu ya nyuma, basi. Nilikaa nikautamani ule ukimya kama mtu anavyotamani maji ya mtungi saa nane mchana. Na kitabu nilikuwa nacho, ndani ya faili la fomu za mahudhurio. Mwenzangu akatoka kwenda kuchukua vitabu vya majibu vya ziada. Nikasema kurasa mbili tu.

Yule kijana Yusuf wa kwenye Peponi, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, ndo yuko kwenye msafara wanaingia bara. Mi nikaingia nao. Sikusikia mlango. Nilichosikia ni "Madam", sauti ya chini, karibu na sikio, nainua kichwa ofisa mitihani kasimama na mkononi ana kikaratasi kidogo kama kiberiti, kimekunjwa kunjwa mara nyingi, maandishi ya kalamu ya risasi madogo kama mayai ya chawa. Kimetolewa kwenye kifuniko cha kalkuleta. Mistari minne tu kutoka nilipokaa, vijana wawili walikuwa wanapokezana ile kalkuleta, na mimi hapo niko na Yusuf porini.

Ofisa akachukua nondo, kile kikaratasi cha kuibia mtihani, akachukua kalkuleta, akachukua na Peponi. Akaandika kwenye ripoti, kielelezo namba tatu: kitabu cha hadithi. Cha hadithi! Hata jina hakuliandika.

Nikaandikiwa nijieleze ndani ya siku saba. Nikajieleza, nikakiri, nikapewa onyo. Nilikosa, sibishi. Lakini na mimi nina damu, acha niseme. Mwaka juzi mwenzetu mmoja aliangalia Simba na Yanga kwenye simu mle mle ukumbini, akafunga mdomo kwa kiganja asishangilie goli, na hakuandikiwa hata nusu barua. Mwingine kila mtihani anachati mwanzo mwisho. Simu siku hizi haionekani, kitabu ndo kinaonekana, kitabu ndo kinashangaza watu. Saivi nikipita korido wananiita Madam Riwaya. Nacheka nao. Nikifika nyumbani sicheki.

Ila kilichoniuma si wao. Wale vijana walisimamishwa mwaka mzima, na mama wa mmoja akaja kutoka Kilosa. Hakuja na ugomvi. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, kashika mkoba mapajani, akaniambia "mwanangu kakosa, sikatai. Ila wewe Madam, si ulikuwemo mle ndani?" Nilikuwa na majibu mengi sana niliyoyaandika kwenye ile barua ya kurasa mbili. Hakuna hata moja lililotoka mdomoni. Nikamnunulia soda, akainywa nusu, akawahi gari.

Kwa hiyo sikia. Ukiniuliza muda unapatikana wapi nakwambia kwanza usikotakiwa kuutoa. Usitoe kwa wanafunzi. Macho unayolipwa kuyaweka kwa mtu usiyapeleke kwenye kitabu, hata kitabu kiwe kitamu vipi, hata kiwe na Nobeli. Toa kwenye simu. Toa kwenye magrupu ya WhatsApp, uko kwenye magrupu mangapi? Mi nilihesabu nikakuta 37, moja la harusi iliyofungwa 2019 na bado tumo, watu wanatumiana picha za maua kila asubuhi. Nikatoka kwenye 20, na ndugu wa mume wamenuna mpaka leo, watanisamehe nikifa.

Na kurasa kumi zitangulie kabla hujashika simu asubuhi. Saa kumi na moja, wenzio wamelala. Siku za kusahihisha usijidanganye, soma tano, tatu, hata moja, ila usiache siku ipite, maana siku moja inaita wiki na wiki ndo ile miaka yangu minne. Na usome unachokipenda. Mambo ya kujilazimisha kitabu kinene cha uongozi kwa sababu mkuu wa idara kakisifia mkutanoni, achana nayo. Mi nimeshasoma riwaya za mapenzi za mtumba zimechanika jalada, na zilinirudishia pumzi kuliko hivyo vya mafanikio mnavyopiganaga kununua.

Wakufunzi wenzangu, tusemane ukweli kidogo. Mtu ana masters, anafokea watoto hawasomi, na yeye toka akabidhi tasnifu yake hajafungua kitu zaidi ya slaidi. Tunataka wanafunzi waandike aya iliyonyooka na sisi wenyewe barua pepe ya mistari mitatu tunabandika kutoka kwa mtu mwingine tunasahau kufuta jina lake. Mwalimu Nyerere kaingia Ikulu na bado tafsiri yake ya Julius Caesar imetoka 1963, na Mabepari wa Venisi 1969, Rais wa nchi anakaa anatafsiri Shakespeare. Najua mtasema hakuwa na skripti 212. Sawa, hakuwa nazo. Alikuwa na nchi. Na hakuwa na simu ya kuperuzi, hilo nalo mliweke akilini, sijui nimeshasema habari za simu mara ngapi lakini nitasema tena kesho.

Kwa mume wangu pia nimeomba saa moja kila Jumamosi, kuanzia saa nne. Nafunga mlango. Watoto wanajua mama yuko "kazini". Wiki ya kwanza waligonga mara tisa, kisu kiko wapi, huyu kanipiga, tunaomba mia mbili. Wiki ya nne waligonga mara mbili. Jumamosi iliyopita mkubwa akasukuma mlango bila kugonga, akakaa chini pembeni yangu na kitabu chake cha darasa la tano, hakusema neno. Sikusema na mimi, niliogopa nitaharibu.

Ulichoomba sasa, Peponi. Nilienda ofisi ya mitihani mara ya kwanza baada ya kikao kukichukua, nikaambiwa kielelezo bado kinashikiliwa. Mara ya pili ofisa hayupo. Wiki mbili zilizopita nikamkuta, kesi imeshaisha, kitabu kiko juu ya meza yake pembeni ya kikombe cha chai. Nikanyoosha mkono. Nikaona katikati kuna tiketi ya daladala imechomekwa, mbali kidogo kuzidi pale nilipoishia mimi. Nikamwangalia. Akajikuna shingo.

"Madam, nipe mpaka Ijumaa."

Ijumaa imepita. Leo Jumanne. Kwa hiyo mdogo wangu utasubiri, uko namba tatu kwenye foleni.