Maswali yenu: mapango ya Juukan, sarafu za Kilwa na mafuriko ya Lismore

Nasikia kampuni ya madini ililipua mapango ya kale Australia, wakubwa wakaachia ngazi. Kuna aliyefungwa? (Msomaji, Geita)

Hakuna, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa. Mapango hayo yalikuwa Juukan, jimbo la Australia Magharibi, ardhi ya Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura. Watu walianza kuyatumia yapata miaka 46,000 iliyopita. Mwaka 2013 kampuni ya Rio Tinto ilipata kibali cha waziri cha kuyaharibu, chini ya sheria ya urithi wa utamaduni ya 1972. Mwaka uliofuata wanaakiolojia wakachimba na kukuta vitu vipatavyo 7,000, kikiwemo kipande cha mkanda uliosukwa kwa nywele za watu, cha miaka kama 4,000. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kuwa wenye nywele zile ni ukoo mmoja na wenyeji wa leo.

Pamoja na ushahidi huo, kibali hakikuguswa. Sheria haikuweka njia ya kukipitia upya, wala haikuwapa wenyeji haki ya kukata rufaa. Kampuni ndiyo iliyokuwa nayo. Mei 2020 wenyeji walipokuja kujua, baruti ilikuwa imeshashindiliwa mashimoni.

Bodi ilitaka yaishe kwa kukata bonasi tu. Wenyeji na wanahisa wakubwa, mifuko ya pensheni ikiwemo, wakagoma, na Septemba ikatangazwa kwamba mkurugenzi mkuu Jean-Sébastien Jacques na wenzake wawili wanaondoka. Usiwaonee huruma: malipo ya Jacques ya mwaka ule yalizidi ya mwaka uliotangulia.

Sheria mpya ya jimbo ilianza Julai 2023, wakulima wakaipigia kelele, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza kuifuta. Ile ya 1972 imerudi na viraka: sasa wenyeji nao wanaweza kuomba uamuzi upitiwe upya.

Mji wetu mkongwe unaliwa nyumba moja moja. Wenzetu huko Australia waliwahi kuzuia? (Msomaji, Zanzibar)

Waliwahi, Sydney, 1971. Akina mama 13 wa Hunters Hill walikuwa wakipigania kipande cha msitu kiitwacho Kelly's Bush kisijengwe nyumba za kifahari. Walikwisha bisha hodi kila ofisi. Mwishowe wakaenda kwa chama cha vibarua wa ujenzi, kilichoongozwa na Jack Mundey. Chama kikawapa sharti: itisheni kwanza mkutano wa hadhara, ionekane kuwa mtaa mzima unataka. Watu wakajaa, na vibarua wakasusia kazi. Mtindo huo uliitwa marufuku ya kijani, na ndio ulioiokoa The Rocks, mtaa mkongwe wa bandarini. Sheria ya kulinda urithi wa kihistoria ya New South Wales, jimbo lenye Sydney, ilikuja baadaye, 1977. Kwa maoni yangu siri ni moja: aliyeshika nyundo alikuwa upande wao. Huko kwenu, mafundi mmeshawauliza?

Ni kweli sarafu za Kilwa ziliokotwa Australia?

Kweli. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, askari wa rada, aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa: tano za shaba za masultani wa Kilwa, nne za Uholanzi. Alikaa nazo hadi 1979 ndipo akazipeleka zichunguzwe. Zilifikaje, hajui mtu. Wanaotamba kwamba manahodha wetu ndio walioigundua Australia wapunguze kasi. Sarafu hupita mikono mingi.

Nimehamia New South Wales na familia. Jirani ananiambia nijiunge na SES. Ni jeshi?

Si jeshi. Ni huduma ya dharura, na wengi wao ni watu wa kujitolea wenye ovaroli za rangi ya machungwa: hufunika turubai paa lililoezuliwa, hujaza mifuko ya mchanga, huwatoa watu majini. Hata hivyo usiwategemee peke yao. Tarehe 28 Februari 2022 mto ulifika kimo cha mita 14.4 katika mji wa Lismore, jimboni humo, mita mbili juu ya rekodi ya zamani, na watu wengi walitolewa mapaani na majirani wenye viboti vya bati. Gazeti la wenyeji asilia, Koori Mail, lilifurikwa nalo, lakini ofisi yake ikawa kituo cha chakula na nguo kwa mji mzima.

Jiunge, mafunzo ni bure. Kwa mafuriko na dhoruba namba ya SES ni 132 500, na maisha yakiwa hatarini piga 000. Wafundishe na watoto.