Unapoitwa Mahakamani kama Shahidi Mtaalamu

Kazi yangu ni kuchunguza miandiko na sahihi zinazobishaniwa, na kwa sababu hiyo nimesimama kizimbani mara nyingi kutoa ushahidi wa kitaalamu. Wenzangu wanaoitwa kwa mara ya kwanza huniuliza namna ya kumjibu wakili mkali. Huwaambia waanze na ripoti, maana anayebanwa kwenye maswali ya dodoso (yale anayoulizwa na wakili wa upande wa pili) aghalabu amebanwa na alichokiandika mwenyewe, au alichokiacha.

Shahidi wa kawaida hueleza alichokiona au alichokisikia, lakini mtaalamu huruhusiwa kutoa maoni, na ruhusa hiyo ina masharti. Katika shauri la Davie la mwaka 1953, mahakama ya Uskoti ilieleza kwamba wajibu wa mtaalamu ni kumpa jaji vigezo vya kupimia usahihi wa hitimisho lake, ili jaji afikie uamuzi wake mwenyewe. Kwa hiyo haitoshi kuandika kwamba sahihi si ya mhusika. Eleza ulilinganisha sampuli zipi, ulipewa hati halisi au nakala (nakala huficha mgandamizo wa kalamu na mahali ilipoinuliwa), ulikuta tofauti gani, na kama ugonjwa au uzee ungeweza kuzisababisha.

Wakili anayekulipa akikuomba uondoe aya inayomuumiza mteja wake, kataa, tena kwa maandishi, kwa kuwa wajibu wako wa kwanza ni kwa mahakama.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kubaki ndani ya taaluma yako. Mwaka 1999, katika kesi ya Sally Clark nchini Uingereza, mama aliyeshtakiwa kwa kuwaua wanawe wawili wachanga, daktari bingwa wa watoto aliieleza mahakama kwamba uwezekano wa watoto wawili wa familia kama ile kufariki ghafla bila sababu kujulikana ni 1 kati ya milioni 73. Hesabu hiyo ilipatikana kwa kuzidisha 1 kati ya 8,543 kwa yenyewe, kana kwamba vifo vya ndugu wa damu haviwezi kuwa na chanzo kimoja. Mama huyo alifungwa, akaja kuachiwa mwaka 2003, hasa kwa sababu mtaalamu mwingine, aliyeichunguza miili, hakuwa ameyaweka wazi majibu ya maabara. Takwimu hazikuwa fani ya daktari yule, ingawa alikuwa bingwa wa tiba ya watoto.

Swali likivuka mpaka huo, sema kwamba liko nje ya utaalamu wako, wala usiongeze neno la kubahatisha kwa hofu ya kuonekana hujui.