Karanga za Dodoma: angalia mvua inakatika lini

Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karanga huhitaji milimita 500 hadi 700 kwa msimu. Kwa hesabu hiyo zingetosha, tena joto la nyuzi 25 hadi 30 linazifaa. Tatizo ni mvua kukatika katikati ya msimu, mara nyingi Februari, wakati karanga za Desemba zimechanua na zinashusha vikonyo.

Ua likisharutubishwa, kikonyo huteremka na kujichimbia udongoni, na ncha yake ndiyo inayokuwa ganda. Ardhi ikikaza, kikonyo hunyaukia nje. Kikiingia halafu udongo wa juu ukakauka, ganda hukosa kalsiamu, maana huifyonza lenyewe kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Mizizi hailipelekei ya kutosha. Ndiyo maana mmea wa kijani kibichi hung'olewa ukiwa na maganda matupu, na watu wakalaumu mbegu bure.

Kwa hiyo maji yatunze kabla hujapanda. Chagua tifutifu yenye kichanga, udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, uache. Piga matuta, kisha funga mifereji yake kwa vizuizi vya udongo kila mita 2 au 3 ili mvua izame hapohapo. Mbegu ya muda mfupi kama Pendo hukomaa kwa siku 90 hadi 100: panda mvua za kwanza zikishalowesha ardhi vizuri, sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashimo, kina sentimita 5, mbegu moja kila shimo. Ukichelewa au ukiacha mapengo, unawakaribisha vidukari wanaoeneza ugonjwa wa rozeti. Palilia mapema; vikonyo vikishaingia, magugu ng'oa kwa mkono tu. Kama udongo hauna kalsiamu ya kutosha, nyunyiza jasi kando ya mashina maua yanapoanza, kilo 80 hadi 100 kwa ekari.

Mwenye pampu amwagilie milimita 30 kila siku 7 hadi 10 kwenye kichanga, yaani kama lita 120,000 kwa ekari kila mara. Ni maji mengi. Yakiwa haba, yaweke kwa ajili ya kipindi cha maua hadi punje kujaa. Mche mchanga huweza kuvumilia kiu kwa kiasi.

Ukame wa wiki za mwisho ni hatari ya aina nyingine: udongo ukiwa mkavu na moto, kuvu wa sumukuvu hushambulia punje zikiwa bado ardhini. Mvua nayo ikizidi baada ya karanga kukomaa, Pendo huota shambani. Anza mapema kuchimbua mimea michache na kupasua maganda. Yakifika 70 kati ya 100 yenye rangi ya kahawia ndani, ng'oa udongo ukiwa bado na unyevu. Ukikauka hukaza na kukata maganda. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulikwama kwa sababu hiyo pia, pamoja na ukame.

Geuza mimea maganda yaangalie juu, yasiguse ardhi, na usiweke ghalani mpaka punje zilie ndani ya ganda unapolitikisa.